Tikisa Kabla ya Kulipa: Namna ya Kuchagua Keria ya Hema la Juu ya Pikapu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini wahenga walilala chini. Anayetaka kulala juu ya pikapu, mita mbili kutoka ardhini, yeye na mwenzi wake na mtoto katikati, lazima achague, tena achague kwa ukali: ashike, avute, asukume, aulize maswali ya kuudhi, mpaka muuzaji aanze kutazama saa. Mwongozo huu una lengo hilo. Tunataka muuzaji atazame saa.

Keria tunayoizungumzia ni ile inayosimama juu ya bodi ya pikapu, nyuma ya kabini, na kubeba hema linalokunjuliwa juu yake. Mahema ya namna hii si mageni duniani. Italia yaliuzwa tangu 1958, na Ujerumani Mashariki watu waliyafunga juu ya Trabant, kigari chenye uzito wa kilo 600 na ushei, wakaenda nacho likizo. Ukisikia habari za Trabant utasema, basi Hilux yangu itabeba hata nyumba. Itabeba. Hilux haina neno. Neno liko kwenye kile kitakachokaa kati ya Hilux na hema, na kwenye barabara utakayopita.

Trabant ilipita kwenye lami. Wewe unataka kushuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi Lango la Naabi, kisha Seronera. Au uko Kenya na unataka kutoka Laisamis hadi Loiyangalani ukaoge upepo wa Ziwa Turkana. Au Uganda, unaitafuta Kidepo. Barabara za changarawe za namna hii huota mikunjo iliyojipanga kama bati, na kila mkunjo ni pigo. Hebu tupige hesabu. Tuseme kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine ni sentimita 70, nawe unakwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa ndani ya Serengeti. Kwa saa moja umevuka mikunjo zaidi ya 70,000, yaani karibu mapigo 20 kila sekunde. Usiku mtalala wawili au watatu, mtajigeuza mara chache, mmoja atakoroma, basi. Keria haina kazi kubwa usiku. Kazi yake ni ya mchana, hema likiwa limefungwa, wewe ukiwa kwenye usukani na bongo fleva imefunguliwa hadi mwisho, husikii kinachoendelea nyuma yako.

Shika hilo kabla ya mengine yote. Keria ya hema ni kifaa cha barabarani. Anayeipima kwa kulala juu yake ameipa mtihani wa darasa la kwanza.

Inabeba kilo ngapi, ikiwa inafanya nini?

Muuzaji atakwambia, "Hii inabeba kilo 400, bosi." Mshukuru. Kisha muulize, "Gari likiwa limesimama, au likiwa linatembea?"

Hili ndilo swali la kwanza la kuudhi, na majibu yake hutenganisha wauzaji haraka sana. Uzito ambao keria inastahimili gari likiwa limeegeshwa ni namba moja. Uzito inaoustahimili gari likiwa mwendoni ni namba nyingine, ndogo zaidi, mara nyingi theluthi tu ya ile ya kwanza au hata pungufu. Watengenezaji makini hutaja na ya tatu, ya barabara mbovu, ambayo ni ndogo kuliko zote. Hiyo ya tatu ndiyo yako. Anayetaja namba moja tu, bila maelezo, karibu kila mara ametaja ile kubwa.

Tuweke hesabu mezani. Hema la turubai la watu wawili lina uzito wa kilo 50 hadi 60. Yale yenye gamba gumu hufika 80 na kupita. Chukua 60, ongeza 10 za blanketi na mito uliyoiacha ndani, una kilo 70. Usiku wakipanda watu wazima wawili wa kilo 75 kila mmoja, jumla ni 220. Kwa macho, usiku ndio mzito. Lakini zile 220 zimetulia, zinaelekea chini tu. Mchana zile 70 zinarushwa. Gurudumu likiingia shimoni na gari likapigwa juu, hizo 70 zinaweza kuikandamiza keria kwa nguvu ya kilo 140, hata 210, kwa sehemu ya sekunde. Ng'ombe wa Makuyuni akiamua kuvuka bila kutazama, ukakanyaga breki kwa nguvu zako zote, hema linataka kuendelea na safari kuelekea kabini, kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi. Ukikata kona linakwenda pembeni. Keria imara imejengwa kwa pande zote hizo. Keria dhaifu imejengwa kwa upande mmoja, wa chini, kwa sababu huo ndio unaotoka vizuri kwenye picha.

Na picha hiyo utaonyeshwa. Wanaume sita wamesimama juu ya keria, wamekunja mikono, wanatabasamu. Yasifie mavazi yao, kisha omba picha ya keria hiyohiyo baada ya mwaka mmoja wa changarawe, ikiwa imepigwa karibu, kwenye viungo.

Tikisa

Sasa uko mbele ya keria yenyewe, imefungwa kwenye gari la maonyesho, imeng'arishwa. Usianze na rangi. Usianze na taa zilizofungwa juu yake. Simama ubavuni mwa gari, weka viganja viwili kwenye kona ya juu ya keria, na uisukume kwa nguvu kuelekea upande wa pili, kisha uvute, kisha usukume, kwa mdundo. Tazama kinachotokea. Gari zima likiyumba juu ya springi zake pamoja na keria, umeona kitu cha kununua. Keria ikiyumba peke yake huku gari limetulia, umeona kitu cha kukiaga.

Rudia ukiwa nyuma ya gari, usukume kuelekea kabini. Hapa ndipo nyingi huanguka mtihani, kwa sababu miguu yake ni nguzo nne zilizosimama wima bila mshazari hata mmoja. Nguzo wima juu ya kiungo cha kuchomelea hupinda hapohapo kwenye kiungo kila unapokanyaga breki, na kiungo kinachopindapinda kila siku kitapasuka. Linalobaki ni tarehe. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: mshazari kutoka juu kwenda chini, au kipande cha bamba cha pembetatu kilichochomelewa kwenye kila kona. Hesabu hizo pembetatu. Kama hazipo ubavuni, uliza kwa nini. Kama hazipo mbele na nyuma, uliza kwa sauti.

Ukimaliza kusukuma, inama utazame ukingo wa bodi pale miguu ya keria inapokaa. Rangi yenye nyufa ndogo, au bati lililobonyea kidogo, ni ushahidi kwamba nguvu inakwenda mahali pasipopaswa kwenda. Muuzaji akisema ni kasoro ya rangi ya gari, jibu lake lipokee kwa adabu na uendelee na safari yako.

Imeshika nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu keria nyingi hazivunjiki zenyewe. Zinang'oka, au zinalivunja gari.

Mbavu za bodi ya pikapu ni bati lililokunjwa. Zimetengenezwa kuzuia magunia yasimwagike, na ukingo wake wa juu unapata uimara kwa kule kukunjwa. Ukiweka juu yake vibanio vinne vidogo, kila kimoja kikikanyaga eneo la upana wa vidole viwili, umeelekeza mapigo yote ya barabara kwenye sehemu nne za bati. Keria nzuri ya kubana huwa na bapa refu linalolala juu ya ukingo karibu urefu wote wa bodi, ili mzigo usambae. Ya kutoboa na kufunga bolti huwa na bamba la chuma upande wa ndani, pana kuliko kiganja, ili bolti isilivute bati na kupenya. Na iliyo bora kuliko zote kwa safari za mbali huteremsha miguu hadi sakafuni mwa bodi, ikafungwa pale bodi yenyewe inapokaa kwenye chasisi. Hiyo inakula nafasi kidogo ya mizigo. Iachie nafasi hiyo.

Kama bodi yako imevalishwa plastiki ngumu inayopanda hadi juu ya ukingo, ikate pale vibanio vinapokaa. Plastiki iliyobanwa husinyaa kidogokidogo; kibanio ulichokikaza Arusha kimelegea ukifika Karatu, na wewe hukukosea chochote kwenye kukaza. Fundi atakayekwambia plastiki inasaidia kulinda rangi anaipenda rangi yako kuliko anavyokupenda wewe.

Kosa lingine ni kuunganisha keria ya bodi na paa la kabini ili kupata jukwaa moja refu. Linapendeza, nakubali. Lakini kwenye pikapu za kawaida, Hilux, Ranger, D-Max, Land Cruiser, kabini na bodi ni vitu viwili vilivyokaa, kila kimoja peke yake, juu ya chasisi moja, na chasisi hujinyonga gurudumu moja likipanda tuta na jingine likishuka. Kabini inaelekea huku, bodi kule. Ukizifunga pamoja kwa juu, umeipa keria yako kazi ya kupigana na chasisi, na haitashinda. Itapasuka yenyewe, au itapasua paa. Egesha gari gurudumu moja likiwa juu ya jiwe kubwa, utazame ufa kati ya kabini na bodi unavyobadilika. Baada ya hapo hutahitaji kushawishiwa.

Wenye Land Cruiser za kubeba mizigo wana kishawishi chao: vile vyuma vilivyopinda vya kufunikia turubai. Vipo tayari, vimepakwa rangi, vinaonekana imara. Viliwekwa kwa ajili ya turubai. Turubai halina uzito wa kilo 60 wala halirushwi shimoni. Ving'oe, au viache vifanye kazi yake, na ujenge keria kando.

Kuhusu kuchomelea keria moja kwa moja kwenye bodi, hukumu yangu ni hapana. Moto unaunguza rangi na kinga ya kutu upande wa ndani ambako hutaweza kupaka tena, na siku ukitaka kuitoa itabidi ukate gari. Funga kwa bolti. Na kama kuna sehemu yoyote lazima ichomelewe ikiwa juu ya gari, fundi atoe kwanza waya za betri, maana umeme wa mashine yake unaweza kuua kompyuta ya gari na oltaneta. Fundi anayejua atafanya hivyo kabla hujamwambia.

Chuma au aluminiamu, na ubishi wa paipu

Aluminiamu ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma kwa ujazo uleule. Haishiki kutu ile nyekundu. Kwa hiyo dukani itasifiwa sana, na sifa nyingi ni za kweli. Yasiyosemwa ni haya: inapinda kirahisi mara tatu kuliko chuma cha ukubwa uleule, kwa hiyo lazima iwe nene na pana ili ifanye kazi ileile, joto la kuchomelea hupunguza sana nguvu yake kandokando ya kiungo, na kila mtikisiko huiachia alama. Chuma kikitikiswa chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia miaka na miaka. Aluminiamu inahesabu kila pigo, hata dogo, na siku moja hesabu inatimia.

Halafu kuna suala la msaada. Keria ya chuma ikipasuka Mto wa Mbu, utampata kijana mwenye mashine ya kuchomelea, atakufungia ufa huo kabla chai haijapoa, na utaendelea na safari. Ya aluminiamu huwezi kumpa. Inahitaji mashine nyingine na mkono mwingine, navyo viko mjini. Kwa hiyo nasema wazi: anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo au Lushoto wikendi, kwa lami sehemu kubwa, achukue aluminiamu iliyofungwa kwa bolti, na asichukue iliyochomelewa. Anayekwenda Katavi, Turkana au Kidepo achukue chuma.

Na chuma tunacho, na mafundi tunao. Arusha kuna watu wanaokata Land Cruiser katikati, wakairefusha, wakaweka viti vya watalii na paa la kufunguka, na gari likafanya kazi mbugani kwa miaka. Gerezani ya Dar es Salaam, Industrial Area ya Nairobi, Katwe ya Kampala, kote kuna mikono inayoweza kukujengea keria bora kuliko ya kuagiza. Lakini fundi hufuata unachomwambia, na watu wengi huenda kwake na picha tu. Nenda na namba.

Namba zenyewe ni hizi. Paipu ya mraba ya milimita 40 kwa 40, unene wa 2, ina uzito wa kilo 2.4 hivi kwa mita. Keria ya kawaida ya bodi ya kabini mbili inaweza kula mita 14, kwa hiyo ni kilo 33 au 34. Fundi mwenye huruma atakushauri uongeze unene hadi milimita 3. Fanya hivyo na uzito unapanda hadi karibu kilo 49, huku ugumu wa kupinda ukiongezeka kwa asilimia 39 tu. Sasa mwambie akuwekee 50 kwa 50, unene uleule wa 2. Uzito unakuwa kama kilo 42, na ugumu wa kupinda unaongezeka maradufu. Maradufu! Kwa kilo chache kuliko zile za paipu nene. Upana wa paipu unashinda unene, na hii ndiyo habari njema kuliko zote katika mwongozo huu, kwa hiyo isome tena kabla hujaenda gereji.

Unachopaswa kukikataa ni paipu za milimita 1.2, zile za fremu za meza na vitanda. Zikishapakwa rangi nyeusi ya kukwaruza hazina tofauti yoyote kwa macho. Kabla ncha hazijazibwa, pima unene wa ukuta kwa venia. Fundi akiona venia inatoka mfukoni mwako, mazungumzo yote yanabadilika, na heshima inaongezeka pande zote mbili.

Kagua viungo. Kila paipu iwe imechomelewa pande zake zote nne, mfululizo, isiwe imeshikizwa madoa mawili na kufunikwa kwa rangi. Ukiona kiungo kimesagwa kwa grenda hadi kikawa laini kabisa, uliza kwa nini. Usagaji huo umeondoa sehemu ya chuma kilichokuwa kinashikilia. Kiungo chenye magamba ya mchomeo yanayoonekana kimevaa sura yake halisi, na hiyo inatosha. Ncha zote za paipu zizibwe, na upande wa chini pawe na tundu dogo la kutolea unyevu, maana kutu ya keria huanzia ndani. Wa Tanga, Mombasa na Zanzibar walizingatie hili mara mbili, na waombe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho.

Kimo, urefu na kupanda ngazi

Keria ndefu inayopanda juu ya kabini inaonekana ya kishujaa. Pia inakamata upepo njia nzima, inakula mafuta, na inaweka kilo 100 na zaidi mahali ambapo kona hazizisamehe. Kilo 100 sakafuni mwa bodi na kilo 100 juu ya paa ni mizigo miwili tofauti kabisa gari linapoinama. Chagua kimo kinacholiweka hema likiwa limefungwa sawa na paa la kabini au juu yake kidogo. Chini ya hapo usijibane hadi ukose nafasi: pima friji yako ikiwa imefunguliwa mfuniko, pima sanduku lako refu kuliko yote, kisha ongeza nafasi ya mkono.

Urefu ndio unaowaumbua watu. Bodi ya pikapu ya kabini mbili ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Hema la turubai la upana wa mita 1.4 likikunjwa huwa na mita 1.2 upande mwingine, linakaa bila ugomvi. Hema la gamba gumu lina urefu wa mita mbili na zaidi. Hilo litaning'inia nyuma au litatambaa juu ya kabini, na likitambaa juu ya kabini lazima libaki na nafasi ya wazi chini yake, kwa sababu ile niliyoieleza ya chasisi kujinyonga. Kwa hiyo pima hema kabla ya kuchonga keria. Watu hununua hema Jumamosi, keria Jumatatu, na Jumanne wanatafuta wa kumlaumu.

Mabomba ya kukatiza yawe matatu, angalau mawili, na umbali kati ya la mbele na la nyuma usipungue sentimita 80. Amua mapema hema litafungukia upande gani. Likifungukia nyuma, unapata kivuli cha jiko, lakini hakikisha mlango wa nyuma wa bodi unafunguka ngazi ikiwa imesimama. Mkiwa na mtoto, panda na ushuke ngazi hiyo usiku, taa zikiwa zimezimwa, nyumbani, kabla ya safari.

Bolti, madumu na uzito wa jumla

Bolti ziwe za milimita 10, zenye alama ya 8.8 kichwani. Bolti isiyo na alama haijaahidi kitu. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, zinazojishika zenyewe dhidi ya mtikisiko. Ukishakaza, chora mstari wa rangi nyeupe ukivuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Asubuhi ukiona mstari umekatika, nati imezunguka, nawe umejua bila kugusa spana. Kaza upya zote baada ya kilomita 100 za kwanza za changarawe, hata kama mistari imenyooka. Bolti za chuma cha pua kwenye keria ya aluminiamu zipakwe grisi, hasa pwani, la sivyo chumvi itaifanya aluminiamu kuwa unga mweupe kuzunguka kila tundu.

Sahani za kufungia madumu ubavuni mwa keria huuzwa kwa ufasaha mkubwa. Dumu la chuma la lita 20 likijaa dizeli lina uzito wa kilo 21 hivi. Manne ni 84, zaidi ya hema lenyewe, yakining'inia pembeni, juu, yakitikiswa mara 70,000 kwa saa. Maji na mafuta yakae sakafuni mwa bodi, mbele, karibu na kabini. Koleo linaruhusiwa juu. Nguzo za kivuli zinaruhusiwa. Rangi chagua unayoipenda.

Kisha piga hesabu ya gari zima, kwa kalamu. Watu wanne, kilo 300. Keria 42, hema na matandiko 70. Friji na betri yake 50. Maji lita 60, kilo 60. Madumu mawili ya dizeli 42. Jiko, vyombo, zana, nguo, 100. Hiyo ni 664, na bado hujaweka bampa ya chuma wala winchi. Hilux nyingi zimeruhusiwa kubeba takriban tani moja, lakini soma bamba la gari lako mwenyewe, kwa sababu kila toleo lina namba yake, na bampa hizo nzito zinakula kwenye tani hiyohiyo. Ukiona springi za nyuma zimelala gari likiwa limesimama uani, punguza mizigo kwanza. Springi ngumu zitanyanyua gari. Ruhusa ya kubeba haipandi nazo.

Iambie kampuni ya bima kwamba umefunga keria na hema, na uhifadhi barua yao. Hilo ni la dakika tano.

Mwisho ni bei. Wengi humaliza bajeti kwenye hema, kwa sababu hema lina madirisha na keria haina, kisha wanamwendea fundi na kilichobaki na kumwomba awafikirie. Naye atawafikiria, kwa paipu za 1.2. Kama fedha hazitoshi vyote viwili mwaka huu, nunua keria imara sasa, ilipie vizuri, ibebe mizigo mingine, na ulale kwenye hema la kawaida la chini hadi mwakani. Fundi akishindwa kukwambia unene wa paipu anazotumia, usimwachie malipo ya awali.